Sura, Kaniki na Sauti: Funzo la Siti binti Saad

Swali la urembo linapozuka darasani hapa Kwanza, watahiniwa wengi hukimbilia methali: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mjadala hufungwa hapo. Hata hivyo, methali hii humwonya anayevutwa na sura nzuri. Haisemi lolote kuhusu anavyotendewa asiyejaliwa sura hiyo.

Maisha ya Siti binti Saad, aliyeandikiwa wasifu na Shaaban Robert, yanatufaa zaidi. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka wa 1880, katika ukoo wa kitumwa; jina lake la awali lilikuwa Mtumwa. Aliuza vyungu kabla ya kuhamia mjini na kuimba taarabu. Hakusifika kwa sura, ila kwa sauti. Mnamo 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na sifa zake zikaenea Afrika Mashariki.

Mahasidi walimtungia wimbo wa kejeli. Mhakiki makini atambue kuwa kejeli hiyo inashika kaniki, vazi la watumwa na mafukara, na kudai kwamba bila sauti angelala njaa. Siti alijibu kwa wimbo. Hakujitetea kuwa mrembo. Aliweka uzuri na ukoo bora katika kapu moja, akasema mizani ya mtu ni akili. Kwa kuviunganisha viwili hivyo, alifichua kuwa anayeitwa mbaya mara nyingi ni maskini aliyebadilishiwa jina.

Lakini linabaki swali gumu. Siti alisamehewa sura kwa sababu ya sauti. Je, asiye na sura wala sauti? Mwaka mmoja, nikiandaa siku ya kutuza wanafunzi, niliwachagua wasichana warembo wawapokee wageni. Mmoja aliyekuwa akiongoza katika Insha aliniuliza, "Mwalimu, kwani sisi wengine tutakaa jikoni?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefundisha ile methali wiki iyo hiyo.

Basi mtahiniwa akiulizwa kuhusu urembo katika kazi yoyote ya fasihi, asiishie kutaja kwamba tabia hushinda sura. Aulize: nani anapima, anapima kwa kipimo gani, na anayepimwa anapoteza nini? Nasi walimu tuanze kwa kujiuliza wenyewe.