Saa Saba na Nusu, Usiku wa Kuamkia Ijumaa

Mamangu alikuwa katibu wa chama cha akina mama mtaani Umoja, Nairobi, na Jumapili ya kwanza ya kila mwezi kikao kilikaa sebuleni kwetu. Kabla ya sala, kabla hata ya chai kumiminwa, aliinua macho kwenye saa ya ukutani mara moja tu, akafungua kaunta buku na kuandika juu kabisa ya ukurasa: tarehe, mahali, saa ya kuanza. Aliyeingia baada ya hapo alilipa faini ya shilingi hamsini. Wachelewaji hawakukosa utetezi. Mmoja alinyanyua simu: "Katibu, kwangu bado ni saa nane kasoro dakika mbili." Mamangu hakupandisha sauti. "Dada yangu, hapa tunaisoma saa ya chama." Wala hakuitazama tena ile saa hadi kikao kifungwe, kwa sababu angeitazama mara mbili, basi wawili walioingia pamoja wangeweza kuhukumiwa kwa dakika mbili tofauti.

Leo naandika majaribio ya programu, na katika miaka yote ya kazi hii sijapata mwalimu aliyempita yule katibu. Skripti ya majaribio hufanya kazi ya mteja asiyechoka: hufungua programu, hujaza jina, hubonyeza kitufe, hungoja, kisha hulinganisha jibu lililotoka na jibu lililopaswa kutoka. Wengi wetu tunatumia Selenium, chombo ambacho Jason Huggins alikianzisha mwaka 2004 akiwa kazini ThoughtWorks, Chicago. Skripti moja inaweza kuwa na mistari mia tatu. Mstari ninaoupenda kuliko yote ni ule mfupi unaouliza, sasa ni saa ngapi? Watu huunakili kutoka faili la jana bila kuusoma. Mimi huuandika upya kila mara, kwa mkono, kama mtu anayeandika tarehe kwenye barua.

Mstari huo una kazi nyingi. Jaribio likianguka, skripti hupiga picha ya skrini, na picha hiyo lazima iitwe jina ambalo halitafunika picha ya jana. Mteja wa majaribio anahitaji namba ambayo hajawahi kupewa mwingine, na wakati hautoi namba moja mara mbili ukiuandika kwa ukamilifu. Na tunapouandika twaanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kama kanuni ya ISO 8601 ilivyoagiza tangu 1988: majina ya faili yakipangwa kwa alfabeti, yanajipanga pia kwa umri.

Na hapa ndipo naamini mtoto aliyekulia kwenye Kiswahili anaingia kazini akiwa ameshafundishwa nusu. Mshale uko kwenye saba, mdomo unasema saa moja. Shuleni tulijibu kwa Kiingereza hesabu moja, nyumbani tukajibu nyingine, na hakuna aliyedhani kwamba wakati wenyewe umebadilika njiani, pale kwenye steji ya matatu. Tunahesabu kutoka alfajiri, na Nairobi, jirani ya ikweta, inaturuhusu: kwa mwaka mzima macheo hayahami zaidi ya kama nusu saa. Kwa hiyo tunajua tangu utotoni kuwa wakati ni kitu kimoja na sura yake ni kingine. Ndani ya mashine wakati ni namba moja ndefu tu, sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya ulimwengu, ile inayoitwa UTC. Namba hiyo haijui Jumapili wala magharibi. Mengine yote ni mavazi tunayoivisha.

Kuvisha ni ufundi. Katika lugha ya programu ya Java, MM kubwa ni mwezi na mm ndogo ni dakika. Ukizichanganya, ripoti yako itatangaza mwezi wa arobaini na saba. HH huhesabu hadi 23, hh huishia 12, na anayetumia hh bila kutaja asubuhi au jioni atakuta picha ya saa moja jioni imeifuta ile ya saa moja asubuhi. YYYY kubwa ndiyo yenye hila zaidi: ni mwaka wa wiki, si mwaka wa kalenda. Tarehe 30 Desemba 2024 iliangukia wiki ya kwanza ya 2025, kwa hiyo herufi hizo nne zingeiandika 30 Desemba 2025, na kwa miezi kumi na miwili iliyotangulia hakuna mtu angeona kasoro yoyote. Nawaheshimu sana wanaojua herufi hizi kwa moyo. Ni elimu ya fundi cherehani, ya kujua upande wa kitambaa kwa kuugusa.

Lakini usiku mmoja ndio ulionifanya niupende mstari huu kwa dhati. Nilikuwa najaribu programu ya mikopo midogo ya simu, kabla haijafika kwa wateja. Stima ilikuwa imepotea mtaani tangu jioni. Iliporudi saa saba usiku nikaamka, nikaendesha majaribio yote. Matatu yakaanguka. Mchana wake yalikuwa yamepita, na asubuhi nilipoyarudia yakapita tena. Majaribio yanayoanguka usiku pekee ni rahisi kuusingizia mtandao, ukayaacha.

Nilikaa na yale matatu. Skripti ilikuwa ikisoma saa ya kompyuta yangu, saa ya Nairobi, na kutarajia mkopo uandikwe tarehe ya Ijumaa. Seva ya programu ya mikopo ilikuwa ikisoma UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Kwa hiyo kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa, kila siku ya Mungu, seva iliamini bado ni jana. Riba ilihesabiwa kwa siku. Anayekopa saa hizo angeandikiwa mkopo wa Alhamisi, na siku ambayo hakuwa na senti ya mtu mfukoni ingeingia kwenye deni lake.

Nani hukopa saa saba usiku? Swali hilo niliulizwa kwenye kikao cha kazini. Kwenye ploti yetu yupo mama mboga ambaye mlango wake hulia saa nane na nusu kila usiku, akienda soko la Marikiti kuchukua sukuma na nyanya kabla madalali hawajapandisha bei. Pesa ya mzigo huitafuta kwenye simu kabla hajavaa viatu. Watu wa Eastlands wanaotembea saa hizo si wachache.

Palikuwa na tiba nyepesi, nayo niliiona. Ningebadilisha mstari wangu mmoja uisome saa ya ulimwengu kama seva, majaribio yote yangepita usiku na mchana, na hakuna ambaye angeuliza. Skripti na seva zingekosea kwa pamoja, kama mashahidi wawili waliokubaliana nje ya mahakama. Nilielewa hapo kwamba kuchagua saa ya kusoma ni kuchagua unamshuhudia nani. Mkopaji anaishi Umoja, na saa ya mkataba wake ni ya Umoja. Mstari wangu nikauacha, nikauongezea tu jina la saa yenyewe ili usitegemee kompyuta ya mtu yeyote: Africa/Nairobi. Seva ndiyo iliyorekebishwa.

Jina hilo hutoka kwenye hazina ya saa za dunia ambayo Arthur David Olson aliianzisha miaka ya 1980, na ambayo karibu kila simu na seva huitegemea. Ukiifungua hukuti nchi tu, unakuta historia. Longitudo ya Nairobi inaipa saa ya jua iliyo mbele ya Greenwich kwa saa 2, dakika 27 na sekunde 16. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Kenya ilikuwa mbele kwa saa mbili na nusu, baadaye saa mbili na dakika arobaini na tano, ndipo ikatulia kwenye tatu. Kampala, Dar es Salaam, Mogadishu na Addis Ababa humo zote zinaelekezwa kwenye mstari wa Nairobi. Nilipoliandika jina hilo kwenye skripti nilihisi naandika anwani ya nyumbani.

Lilibaki jambo moja. Singeweza kuamka kila usiku kulinda saa tatu hizo. Java toleo la 8, la mwaka 2014, ilileta saa inayoweza kushikiliwa: unaikabidhi programu wakati unaoutaka, nayo huusoma huo hadi mwisho. Ni saa ya chama ile ile. Inatazamwa mara moja, inaandikwa juu ya ukurasa, na kila aingiaye hupimwa kwayo. Nikaiweka dakika niliyoichagua mwenyewe, nikaiandika kwa maneno pembeni ili atakayenifuata asibahatishe: saa saba na nusu, usiku wa kuamkia Ijumaa. Gazeti la Kiswahili likiandika hivyo, hakuna msomaji anayeuliza ni usiku upi.

Skripti hiyo huendeshwa kila siku saa tatu asubuhi. Jua limeshapanda juu ya paa za mabati, matatu zinapiga honi barabara ya Outer Ring, mama mboga amesharudi na anapanga nyanya zake mafungu mafungu. Ndani ya skripti bado ni usiku, na mtu anaomba pesa ya mzigo kabla hajavaa viatu. Tarehe inatoka Ijumaa.