Taiti ikionyesha, kosa ni la paja?

Machi 2013 kampuni ya Kanada, Lululemon, iliondoa madukani taiti zake nyeusi za yoga kwa sababu zilikuwa zinaonyesha ndani. Novemba mwaka huohuo mwanzilishi wake, Chip Wilson, akasema kwenye televisheni kwamba miili ya baadhi ya wanawake haiendani na taiti hizo, eti mapaja yanasuguana. Baadaye aliomba radhi, lakini hebu tuipime hoja yenyewe.

Msuguano upo, na kweli unachakaza kitambaa. Ila kumlaumu mvaaji ni sawa na fundi viatu kuilaumu lami. Kitambaa cha taiti hufumwa kwa vitanzi vya uzi. Ukichuchumaa, vitanzi vinafunguka na mwanga unapenya. Unapenya kiasi gani, hilo linategemea unene wa uzi na ukaribu wa vitanzi, mambo yanayoamuliwa kiwandani, si kwenye paja lako.

Kwa hiyo dukani usiishie kusimama mbele ya kioo. Chuchumaa penye mwanga, rafiki akuangalie kwa nyuma. Ikionyesha, jaribu saizi kubwa zaidi, ikiendelea, irudishe.

Ukishanunua, kumbuka spandeksi haipatani na joto wala jiki: fua kwa maji baridi, anika kivulini, na pasi iache kabisa.