Samani za Kisasa na Mfuko wa Mwananchi

Mwalimu kijana anapopangiwa kituo chake cha kwanza cha kazi, aghalabu huanza maisha katika chumba kitupu. Baada ya siku chache hutoka kutafuta kitanda, meza ya kusahihishia madaftari, na viti viwili vitatu vya wageni. Hapo hukutana na swali ambalo wengi hudhani ni la fedha peke yake, kumbe ni la utamaduni pia. Je, mtu wa kipato kidogo anaweza kuishi na vitu vizuri? Au uzuri ni mali ya wenye nacho, na wengine hawana budi kuridhika na chochote kitakachobeba uzito wa mtu? Katika insha hii tutalichunguza swali hilo kwa kutazama samani za kisasa, hasa za katikati ya karne ya 20, ambazo zilizaliwa kwa ahadi ya kuwafikia watu wote. Tutauliza ahadi hiyo ilitimizwa wapi, ilivunjika wapi, na inatufunza nini sisi wenyewe.

Habari yenyewe inaanza kabla ya karne hiyo. Seremala Michael Thonet, aliyezaliwa mwaka 1796 katika mji wa Boppard kando ya mto Rhine, na ambaye baadaye alihamia Vienna, alitumia miaka mingi kutafuta njia ya kupinda mbao. Zamani zile, kiti chenye maungo ya mviringo kilichongwa kutoka katika ubao mnene, na sehemu kubwa ya mti ikaishia kuwa takataka. Thonet alichukua fito za mti mgumu, akazilainisha kwa mvuke, akazipinda katika kalibu ya chuma na kuziacha zikauke humo. Kiti chake Namba 14, cha mwaka 1859, kilikuwa na vipande sita tu vya mbao, skrubu kumi na nati mbili. Viti 36 vilivyofumuliwa viliingia katika sanduku la mita moja ya ujazo, vikasafirishwa nchi za mbali na kuunganishwa huko huko. Inakadiriwa kwamba kufikia mwaka 1930 viti milioni 50 vya namna hiyo vilikuwa vimeuzwa.

Yafaa tukitazame kiti hicho kwa jicho la mhakiki. Uzuri wake haukubandikwa juu yake kama nakshi. Umetokana na namna kilivyotengenezwa. Duara la mgongo wake ndilo lile lile lililookoa mbao, lililopunguza saa za kazi na lililoshusha bei. Hapa uzuri na unafuu ni ndugu wa tumbo moja. Hilo ndilo fundisho la kwanza, na wengi waliofuata walilisahau.

Karne ya 20 ilipoingia, wasanifu wa Ulaya walilifanya wazo hilo kuwa itikadi. Shule ya Bauhaus, iliyoanzishwa na Walter Gropius mjini Weimar mwaka 1919 na kufungwa mwaka 1933 kwa shinikizo la Wanazi, ilitaka sanaa na kiwanda vishikane mikono. Lakini viti vyake vingi vya mabomba ya chuma vilibaki katika nyumba za wasomi na matajiri. Ahadi ilikuwa ya wengi. Wanunuzi walikuwa wachache.

Mfano ulio karibu zaidi na maisha ya mtu wa kawaida ulitoka Uingereza, nao haukutokana na itikadi ya wasanii bali na dhiki ya vita. Mbao zilikuwa haba, na mabomu yalikuwa yameteketeza nyumba nyingi. Mwaka 1942 serikali iliunda kamati ya kusimamia samani za matumizi ya lazima, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo msanifu Gordon Russell. Maumbo yalikuwa machache na bei ilipangwa na serikali. Vibali vilitolewa kwanza kwa waliooana karibuni na kwa waliopoteza nyumba kwa mabomu. Kabati na viti hivyo havikuwa na mapambo, lakini viungo vyake vilikuwa imara: ulimi wa ubao huu uliingia barabara katika tundu la ubao ule. Mpango huo ulikoma mwaka 1952, na watu wengi, wakiwa wamechoshwa na miaka ya kunyimwa, walikimbilia tena samani zenye mapambo. Hatuwezi kuwalaumu. Mtu aliyeamriwa kupenda kitu hakipendi kwa muda mrefu, hata kikiwa kizuri. Hilo ni fundisho la pili: ladha ya watu haitengenezwi kwa amri.

Baada ya vita Marekani ilichukua nafasi ya mbele. Mwaka 1948 Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York lilitangaza mashindano ya kimataifa ya kubuni samani za bei nafuu. Miongoni mwa walioshinda zawadi walikuwamo Charles Eames na wenzake. Eames na mkewe Ray walikuwa wamejifunza mengi wakati wa vita, walipounda vigango vya plaiwudi vya kufungia miguu ya wanamaji waliovunjika. Kiti walichokusudia kwa mashindano kilikuwa bakuli moja la bati lililogandamizwa kwa mashine. Chuma kilipoonekana kuwa ghali, walihamia kwenye plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo, na kiti hicho kikaanza kuuzwa mwaka 1950.

Hapana shaka kwamba kazi hiyo ilikuwa ya kusifiwa. Bakuli moja lilichukua nafasi ya kalio na mgongo pamoja, likaufuata mwili wa mtu bila mito wala vitambaa. Lakini tuangalie kilichofuata. Leo viti vya Eames vinavyotoka katika viwanda vyenye haki ya kuvitengeneza huuzwa kwa mamia ya dola kila kimoja. Kitu kilichobuniwa kwa ajili ya mwenye mshahara mdogo kimegeuka alama ya mwenye mshahara mkubwa. Kimepandishwa bei na nini? Plastiki haikugeuka dhahabu. Kimepandishwa na jina. Watu waliacha kununua kiti, wakaanza kununua sifa ya mtu aliyekibuni.

Aliyeiona hatari hiyo mapema ni Enzo Mari, msanifu wa Italia aliyefariki mwaka 2020. Mwaka 1974 alichapisha michoro ya meza, viti, vitanda na makabati ambavyo mtu yeyote angeweza kujitengenezea kwa mbao za kawaida za dukani, nyundo na misumari. Aliyetaka michoro hiyo alilipa gharama ya posta tu. Mari hakutaka watu wote wawe maseremala. Alitaka mtu akishapigilia meza moja kwa mikono yake, awe na macho ya kuhukumu meza zote atakazouziwa baadaye. Hata hivyo, wengi walishika umbo wakaacha kusudi: walizisifu samani hizo kama mtindo wa kishamba wenye kupendeza. Mwaka 2010 kampuni ya Artek ya Finland ilianza kuuza mbao zilizokatwa tayari za kimojawapo cha viti hivyo. Kazi iliyokusudiwa kumtoa mtu dukani ikamrudisha dukani.

Mpaka hapa tumetembea nchi za watu, na msomaji anaweza kuuliza yanatuhusu nini. Basi na turudi nyumbani, tuingie jikoni. Mbuzi ya kukunia nazi imeundwa kwa vipande vya ubao vilivyopishana kama mkasi, na mbele yake umechomoza ulimi wa chuma wenye meno. Ukiifungua ni kiti, ukiikunja unaitundika ukutani. Marufaa ya kusomea msahafu huweza kupasuliwa katika ubao mmoja, kurasa zake mbili zikashikana bila msumari wala gundi. Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi juu ya sakafu ya udongo isiyo sawa, na mwanafunzi wa jiometri anajua kwa nini. Hatusemi haya ili kudai kwamba wahenga wetu walimtangulia Thonet. Mashindano ya namna hiyo ni kasumba ya aina nyingine. Tunasema tu kwamba kanuni ile ile, ya uzuri kutokana na matumizi, mali ghafi na ufundi, si ngeni kwetu. Tunayo majumbani, ila hatuiiti usanifu.

Badala yake, tunaita usanifu kile kilichotoka mbali. Katika maduka ya miji yetu vimejaa viti vya plastiki vyenye miguu ya mbao vinavyoiga umbo la Eames. Bei yake si kubwa, na kwa macho vinavutia. Lakini vingi vimeiga umbo bila kuiga uimara: skrubu za chini hulegea na miguu huanza kucheza. Mwandishi wa insha hii naye aliwahi kununua meza iliyong'aa, ya unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi na kufunikwa karatasi yenye picha ya mistari ya mti. Nyumba zetu hudekiwa kwa maji. Haukupita mwaka, miguu ya meza ile ilivimba kama mkate uliochovywa katika chai, na seremala aliyeitwa kuitengeneza alitikisa kichwa, kwa sababu msumari haukuwa na mahali pa kushika. Meza ya bei nafuu ikawa ghali, maana ilinunuliwa mara mbili.

Je, seremala wetu ana nafuu gani? Nendeni Keko, Dar es Salaam, mtaa unaojulikana sana kwa samani. Mafundi wa huko wana mikono hodari. Lakini mteja huja na picha ya kochi kubwa lililotuna kama mto uliofurika, akataka lile lile kwa chumba cha hatua nne kwa nne. Fundi hulitengeneza, kwani anahitaji kula. Likishaingizwa ndani, mlango haufunguki wote, na watoto huketi sakafuni. Kosa si la fundi peke yake. Ni letu tunaompimia mgeni heshima kwa ukubwa wa kochi. Tena tunadai mninga au mvule, miti inayochukua miaka mingi kukomaa, na kuudharau msonobari unaopandwa katika mashamba kama yale ya Sao Hill, Mufindi. Msonobari uliokaushwa vizuri na kuungwa kwa ulimi na tundu hutoa kiti safi. Mbao za namna hiyo, laini na za kawaida, ndizo alizozitegemea Mari.

Iko pia hazina nyingine tunayoitupa. Katika ofisi kongwe, shuleni na nyumbani kwa wazazi wetu bado mna viti vya mbao ngumu vya miaka ya 1950 na 1960, vyenye miguu myembamba na mikono iliyonyooka. Vikichakaa kidogo huondolewa kama kuni. Randa, msasa na vanishi vingevirudishia ujana kwa gharama ndogo kuliko kiti kipya cha plastiki. Anayetafuta samani za katikati ya karne iliyopita hana haja ya kuagiza ng'ambo; aanze kwa kutazama stoo.

Kwa hiyo, jibu la swali letu ni kwamba mtu wa kipato kidogo anaweza kuishi na vitu vizuri, lakini hatavipata kwa kufuata majina wala picha. Atavipata kwa kujifunza kuhukumu. Shule zetu zina nafasi kubwa hapa. Mwalimu anaweza kukiweka kiti kimoja mbele ya darasa na kuwauliza wanafunzi maswali manne. Kimetengenezwa kwa nini, na mali ghafi hiyo inatoka wapi? Viungo vyake vimeshikana namna gani? Kikivunjika, nani wa hapa mtaani ataweza kukitengeneza? Je, kinalingana na chumba kitakamowekwa na mwili utakaokikalia? Mwanafunzi aliyezoea maswali hayo hatadanganyika kwa urahisi na king'aacho, wala hatamdharau seremala wa mtaani kwake. Naye seremala akipata mteja anayejua kuuliza, atakuwa na sababu ya kukausha mbao zake na kuchonga ulimi badala ya kupigilia msumari.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Methali hiyo ilitungwa kwa vyombo vya baharini, lakini yafaa vilevile kwa kiti anachokalia mwalimu jioni, taa ikiwaka, akisahihisha madaftari ya watoto wetu.