Sifuri ya Dindira

Kata ya Dindira iko juu milimani wilayani Korogwe, kwenye mashamba ya chai ya Usambara. Mwezi ukiisha, muuguzi wa zahanati ya huko anafungua rejista zake za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya nchini Tanzania, anahesabu mistari na kujaza fomu. Wagonjwa wa nje wanatoka Kitabu namba 5, wajawazito Kitabu namba 6. Halafu kuna visanduku ambavyo, tunamshukuru Mungu, havina wa kuandikwa: kipindupindu hakuna, surua hakuna. Anaandika sifuri na kuendelea. Sifuri hiyo ndiyo iliyonifanya niwaheshimu waandishi wa programu.

MTUHA ilianza mwaka 1993, na kwa muda mrefu namba zake zilikuwa za karatasi. Kufikia 2013 Tanzania ilikuwa imesambaza nchi nzima DHIS2, programu ya kukusanya na kuchambua takwimu za afya. Kenya ilitangulia mwaka 2011. Mradi ulioizaa, HISP, ulichipuka Afrika Kusini mwaka 1994, na leo msimbo mkuu wa programu unasimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, kikishirikiana na vikundi vya HISP vya nchi mbalimbali, kikiwemo cha Tanzania chenye mizizi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Tazama kwanza jinsi kanzidata ya DHIS2 ilivyopangwa. Kila namba inayoingia lazima ijibu maswali matatu: ni ya nini, ya wapi, ya lini. Kwa hiyo Wizara ya Afya ikiongeza ugonjwa mpya kwenye fomu, hakuna anayeongeza safu kwenye jedwali wala kugusa msimbo. Msimamizi anasajili kipengele kipya, anakiweka kwenye fomu, basi. Mtu aliyewahi kutunza programu inayodai kubomolewa kila fomu inapobadilika anajua ni miezi mingapi ya kazi imeokolewa hapo.

Sasa turudi kwenye sifuri. Fomu moja ina visanduku vingi, vituo nchini ni maelfu, na visanduku vingi kila mwezi ni sifuri. Vyote vikihifadhiwa, jedwali linavimba kwa mistari isiyobadilisha jumla yoyote. Kwa hiyo DHIS2, isipoelekezwa vingine, haiihifadhi sifuri kabisa. Lakini hapo linazuka swali zito: utajuaje kwamba Dindira haikuwa na mgonjwa wa kipindupindu, au kwamba haikuleta taarifa? Waandishi walilijibu kwa njia mbili. Kukamilika kwa fomu kunasajiliwa peke yake, pamoja na tarehe yake, kwa hiyo kituo kilichonyamaza kinajulikana. Na kwa kipengele ambacho sifuri yake ni habari kamili, msimamizi anaweza kuagiza ihifadhiwe. Uamuzi wa namna hiyo haupatikani kwa kuandika haraka. Unapatikana kwa kukaa na mtu wa takwimu wa wilaya na kumuuliza anaisomaje karatasi yake.

Uangalifu huohuo umo kwenye ukaguzi. Mfumo unaweza kupewa kanuni kwamba waliokutwa na malaria hawawezi kuwazidi waliopimwa. Namba zikikiuka, zinaonyeshwa papo hapo, wakati rejista bado iko mezani na kosa linaweza kufuatiliwa kwenye mstari wake.

Waandishi nao wanajikagua kwa majaribio ya kiotomatiki: vipande vya msimbo ambavyo kazi yake ni kuuliza vipande vingine kama bado vinajibu sawasawa. Chukua neno "mwezi uliopita". Kwa Tanzania ni jambo jepesi. Ethiopia nayo inatumia DHIS2, na kalenda yake ina miezi 13, wa mwisho ukiwa na siku tano, au sita mwaka mrefu. Anayerekebisha hesabu za Addis Ababa anaweza kuharibu za Korogwe bila kujua. Majaribio yakiwepo, anajua kabla hajanywa chai, na ndiyo maana anathubutu kubadilisha. Wanaosema majaribio yanachelewesha kazi wanahesabu saa za kuyaandika tu. Saa za kutafuta kosa lililokwisha kufika wilayani hawazihesabu.

Na ripoti ikichelewa kufunguka? Fundi mzuri habahatishi. PostgreSQL, kanzidata iliyo chini ya DHIS2, ina amri ya EXPLAIN inayoeleza hatua kwa hatua itakavyotafuta jibu. Ukiisoma unaweza kukuta inapekua jedwali zima kwa ajili ya zahanati moja, kama mtu anayesoma kitabu kizima kwa kuwa hakina faharasa. Unaiwekea faharasa, unapima tena. Dakika zinakuwa sekunde, na kilichoongezwa ni mstari mmoja.

Kuhusu upangaji wa kazi nitasema machache. Waandishi wa programu 17 waliokutana Snowbird, Marekani, mwaka 2001 waliandika kwamba programu ijengwe kwa hatua fupi, mtumiaji akiwa karibu. Huko Norway, mwanasayansi wa kompyuta Kristen Nygaard alikuwa amekwisha kukaa na chama cha wafanyakazi wa vyuma mwanzoni mwa miaka ya 1970, akitaka wafanyakazi wenyewe wawe na sauti juu ya kompyuta zitakazoingia viwandani mwao. HISP ilirithi desturi hiyo. Vikao vya kusimama kila asubuhi na kadi za rangi ukutani, ambavyo wafuasi wa wale wa Snowbird wanavipenda, vina faida ndogo sana pasipo mtu wa zahanati katika mazungumzo.

Msimbo wa DHIS2 uko wazi kwenye GitHub, bure, kwa yeyote. Kijana wa Tanga anayejifunza kazi hii asianzie kwenye kurasa za mbele zenye rangi. Afungue folda ya majaribio, achague moja, alisome mpaka aelewe linamlinda nani.