Kitunda, waziri au malkia? Lugha ya michezo ya ubao katika filamu

Filamu ya Queen of Katwe ilipotoka mwaka wa 2016, wahakiki wengi walijikita katika umaskini wa mtaa wa Katwe, uigizaji wa Lupita Nyong'o na ustadi wa mwelekezi wake, Mira Nair. Ni sawa, hayo yote yalistahili kusemwa. Hata hivyo, jambo ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha filamu hiyo lilipitwa hivi hivi tu: majina ya kete. Ninadai katika makala haya kwamba kisa chochote cha filamu au runinga kinachojengwa juu ya mchezo wa ubao husimama au kuanguka kwa majina ya vile vipande vinavyosogezwa. Na sisi tunaotumia Kiswahili tumeyapuuza majina hayo.

Kwa msomaji ambaye hajaitazama, filamu inasimulia maisha ya Phiona Mutesi, msichana wa Kampala anayechuuza mahindi barabarani, ambaye anafunzwa sataranji na Robert Katende na hatimaye kuiwakilisha Uganda katika mashindano ya Olimpiadi ya mchezo huo mjini Khanty-Mansiysk, Urusi, mwaka wa 2010. Mapema katika filamu, Phiona anapewa somo la kwanza na mtoto mdogo kumliko. Mtoto huyo anamweleza kwamba kete iliyo ndogo kuliko zote, ikivuka ubao mzima bila kuliwa, hugeuka kuwa malkia. Kila kinachofuata, kwa takriban saa mbili, ni ufafanuzi wa maelezo hayo.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa uzamili sehemu hiyo waitafsiri, waandike maneno ya Kiswahili ya kupita chini ya skrini. Kazi ndogo, nilidhani. Wapi! Kete ile ndogo ilirudi na majina manne. Mmoja aliiita askari, mwingine mtoto, wa tatu akaacha neno la Kiingereza lilivyo, na wa nne, ambaye nadhani husoma sana kurasa za siasa, akaiita kibaraka. Hakuna aliyeandika kitunda, ilhali neno hilo limo kamusini.

Hebu tulipime lile la kibaraka kwanza. Katika habari za siasa linafaa kabisa: fulani ni kibaraka wa fulani, anasukumwa huku na kule. Lakini kibaraka hawi malkia. Hawezi. Anabaki mkononi mwa bwana wake mpaka siku atakapotupwa. Ukiliingiza neno hilo katika kinywa cha mtoto wa Katwe umeua kisa mwanzoni kabisa, na mtazamaji atakaa saa nzima akishangaa Phiona anapigania nini. Askari ni afadhali kidogo, ila linaleta harufu ya vita mahali ambapo mtoto anazungumza kuhusu kukua.

Sasa tazama kitunda. Ki- ya udogo iko pale mwanzoni, na sikio linasikia tunda changa ambalo halijaiva. Kisha tazama sarufi inavyofanya kazi yake bila kuombwa: kitunda kidogo kilichodharauliwa kikifika mwisho wa ubao, huyo malkia aliyezaliwa anaogopwa na wote. Tumeanza na ki-, tumemaliza na a-. Kiingereza kina viwakilishi viwili tu vya kubadilisha hapo. Sisi tunabadilisha kivumishi, kiashiria na kitenzi. Lile badiliko la hadhi ambalo Nair anahitaji muziki na machozi ya mama kulionyesha, ngeli zetu hulionyesha katika sentensi moja. Mfasiri anayekosa hilo amekosa mengi.

Mjadala ungeishia hapo kama si mwanafunzi mmoja kutoka Mombasa. Alinyosha mkono akasema: 'Profesa, kwetu hiyo kete kubwa si malkia. Babu alikuwa akiiita waziri.' Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu babu yake ana historia nyuma yake. Jina lenyewe, sataranji, lilitufikia kupitia Kiarabu, shatranj, ambalo asili yake ni Kisanskriti. Katika mchezo ule wa kale, kando ya mfalme alikaa mshauri wake, na Waarabu hadi leo humwita waziri. Ni Wazungu waliomgeuza kuwa mwanamke, na kufikia mwishoni mwa karne ya 15 walikuwa wamempa nguvu za kukimbia ubao mzima. Kwa hivyo jina la waziri ni la kale kuliko la malkia, na mzee wa Mombasa halikosei anapolitumia.

Je, filamu ya Nair iitwe Waziri wa Katwe? Jamani, la hasha. Lakini iko filamu nyingine ambayo ukiitafsiri kwa kutumia malkia toka mwanzo, umeivunja vipande vipande. Ninaikusudia Shatranj Ke Khilari ya Satyajit Ray, ya mwaka wa 1977, iliyotokana na hadithi ya Premchand. Mabwanyenye wawili wa Lucknow wanacheza sataranji usiku na mchana mwaka wa 1856, huku Waingereza wakijiandaa kuutwaa ufalme wa Awadh. Wake zao wamewachoka. Kete zikitoweka nyumbani, wanapanga ubaoni nyanya na vitu vingine vya jikoni wapate kuendelea. Mapema rafiki yao anawaeleza jinsi Waingereza wanavyocheza: waziri wao ni malkia, na mchezo wao ni wa haraka. Wanalichukulia jambo hilo kama kichekesho. Mwishoni, nchi ikiwa imekwisha kwenda, wanakubaliana kucheza kwa mtindo wa Kiingereza: waziri ampishe malkia.

Sijaona katika sinema nyingine jina la kete moja likibeba ukoloni mzima namna hiyo. Waingereza hawakufyatua bunduki. Neno limebadilika, basi. Mfasiri wa Kiswahili anayejua kwamba tunayo maneno yote mawili, waziri na malkia, ana bahati ambayo wafasiri wa lugha nyingi hawana. Kwa Ray aanze na waziri na amalizie na malkia. Kwa Nair ashike malkia peke yake. Wanaotaka neno moja rasmi kwa kila kete, lipitishwe na kamati na kuwekwa muhuri, watanisamehe. Katika hadithi, kete ni mhusika, na mhusika hapewi jina na kamati.

Niseme pia kwamba Queen of Katwe ina udhaifu wake. Baada ya somo lile la kwanza lililo tamu, mashindano yanayofuata yanaonyeshwa kwa nyuso, saa inayogongwa na mfalme anayeangushwa. Ubao wenyewe hausomeki. Tunajua nani ameshinda kwa kumtazama mama au mwalimu. Waandalizi wa The Queen's Gambit, mfululizo wa mwaka wa 2020, walikuwa makini zaidi: walimwajiri Garry Kasparov na Bruce Pandolfini wawasaidie, na michezo yao inaweza kufuatwa na anayejua. Ila hata wao waliponzwa na maneno. Sentensi moja ilidai kwamba Nona Gaprindashvili wa Georgia hakuwahi kukabiliana na wanaume, kumbe alikuwa amecheza nao makumi. Mama huyo alikwenda mahakamani mwaka wa 2021, na kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwaka uliofuata. Ubao ulikuwa sahihi, ulimi ukateleza. (Na anayetaka kutafsiri jina la mfululizo huo ajihadhari na kafara, chambo ndilo neno, kwa kuwa kitunda kinatolewa ili mwenzako akimeze.)

Hapa kwetu Gusii kete za sataranji si kitu kigeni. Nenda Tabaka, Mugirango Kusini, mahali ambapo mawe ya sabuni huchimbwa na kuchongwa, utazikuta zimepangwa kando ya sahani, viboko na vinara vya mishumaa, zikisubiri kusafirishwa ng'ambo. Wanaume huchonga kwa visu na patasi, kisha kazi ya kulainisha kwa msasa na maji mara nyingi huwa ya wanawake. Nilimuuliza mchongaji mmoja anaziitaje kete zile. Hakusita: mkubwa ni omogaka, yaani mzee, wa kando yake ni omong'ina, mama mkongwe, ile ya pembeni ni enyomba, nyumba, na wale wadogo wa mbele ni abana, watoto. Na hawa wenye sura ya farasi na kofia? 'Hao ni wageni, mwalimu,' akasema, akaendelea kupiga msasa.

Yeye hachezi sataranji. Hata hivyo amefanya kile ambacho wanafunzi wangu walishindwa kukifanya: ameupa ubao kisa. Ametazama kete akaona boma la Mgusii, mzee na mkewe katikati, nyumba pembeni, watoto mbele wakitumwa. Mwandishi wa tamthilia ya runinga akipewa majina hayo matano ana kipindi kizima mkononi. Kwa nini watoto ndio wanaotangulia kuliwa? Mama anakimbia kila upande, mzee anasogea hatua moja moja tu. Anayeijua jamii yetu haulizi zaidi.

Na kama sataranji inaweza kutupa hayo, bao je? Mchezo wenyewe ni wa Waswahili, wenye mashimo 32 na kete 64, ambao Mwalimu Nyerere aliupenda na ambao mtafiti Alexander de Voogt aliuandikia tasnifu mwaka wa 1995 baada ya kukaa na mabingwa wa Zanzibar. Sikiliza istilahi zake. Shimo moja huitwa nyumba, na mchezaji akiifikia anaweza kusimama au kuivunja na kwenda safari. Kete zikiishia katika shimo tupu, umelala. Hatua ya kwanza ni kunamua, kete 22 zikiwa bado mkononi; inayofuata ni mtaji. Ukishindwa kabla ya zile za mkononi kwisha, umeshindwa mkononi, na hiyo si fedheha ndogo. Nyumba, safari, kulala, mtaji, mkononi: haya ni maneno ya ndoa, biashara na siasa, yako tayari mezani. Lakini katika filamu za Kiswahili nilizozitazama, bao huwa pambo la baraza. Kamera inapita juu ya wazee wawili walioinama, tunaambiwa hapa ni pwani, kisha tunaendelea na mapenzi. Kete hazisikiki zikihesabiwa. Wakenya wa bara wanasema kila siku kwamba fulani amepigwa bao, na wengi wao hawajawahi kuliona.

Usemi huo unanirudisha kwa mwanafunzi wangu mwingine, kijana wa Nyamira, anayeandika mswada wa filamu fupi. Kisa chake ni cha mzee anayeuza kipande cha mwisho cha shamba la chai bila kuwaambia wanawe. Sehemu za juu huko mnazijua: mashamba yamegawanywa yakagawanywa tena, mpaka ndugu wanagombania mstari mmoja wa michai. Katika mswada wa kwanza mzee na dalali walikuwa wakicheza drafti katika steji ya bodaboda ya Keroka, kwa vifuniko vya soda, upande mmoja umeangalia juu na mwingine umeangalia chini. Maelezo yake yalisema tu, 'Wanacheza drafti huku wakizungumza.' Nilipiga mstari mwekundu. Wanacheza vipi? Zamu ni ya nani? Nani anakula?

Nikamwambia akatazame filamu ya Ray, kisha arudi Keroka akasimame nyuma ya wachezaji, na asikilize badala ya kupiga picha. Alirudi baada ya wiki mbili na neno moja, kula. Katika drafti, mwenzako akikutegea kifuniko, kula ni lazima, hata kama unaona kabisa kwamba ukishakula yeye atakula vitatu na kupanda kingi. Katika mswada mpya dalali anaweka bahasha ya malipo ya kwanza kando ya ubao. Wakati huo huo anasogeza kifuniko mbele ya mzee na kusema, 'Kula, mzee.' Hakuna zaidi. Mtazamaji hajui kama anazungumzia kifuniko au bahasha, na mzee naye hajui.

Nilimpa alama ambazo huwa sizitoi ovyo. Ila kuna jambo hatujakubaliana. Yeye angependa mzee akatae, ainuke aende zake, na shamba libaki. Nimemkumbusha kanuni ambayo mwenyewe aliiandika daftarini kule steji: asiyekula anapopaswa kula, kifuniko chake huondolewa ubaoni. Sasa anatafuta jinsi ya kulimaliza onyesho hilo, na ameomba wiki moja zaidi.