"Kusema" Si Neno Moja: Kitenzi Lego Kikisomwa Merti

Imekuwa desturi katika madarasa yetu kukifasiri kitenzi lego cha Kiyunani kwa neno moja tu: sema. Tafsiri hiyo si ya uongo, bali ni ya uvivu. Humnyima mwanafunzi sarufi ya kitenzi chenyewe na, lililo zito zaidi, humzuia asiione sarufi ya vitenzi vyake mwenyewe.

Katika tungo za Homeri, lego ingali na maana ya kukusanya na kuhesabu. Maana ya kunena ilishika nguvu baadaye. Tena huazima mashina: eipon kwa jambo lililopita, eireka kwa lililotimia. Hayo yajulikana. Lisilotiliwa maanani ni shamirisho. Mwenye kuambiwa huvishwa umbo la mpokeaji. Lakini mtu akivishwa umbo la mtendwa, pamoja na kielezi cha wema au cha ubaya, basi huyo ndiye anayesifiwa au kusengenywa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda Athene ili alielewe hilo. Alimwambia na alimsema hayafanani hata kidogo: wa kwanza amepewa habari, wa pili amegeuzwa habari.

Sasa tuitazame Merti, kandokando ya Ewaso Ng'iro, ambako mtoto wa Kiborana hukikuta Kiswahili baada ya lugha ya nyumbani. Kitenzi chake ni jedh-. Naan jedhe maana yake ni "aliniambia": mwambiwa huonyeshwa kwa kiambishi -n katika kiwakilishi, na shina la kitenzi halibadiliki. Mtoto huyo akiandika "mwalimu alinisema" akikusudia "aliniambia", amehamisha kanuni timamu, na kalamu nyekundu peke yake haitamfunza lolote. Wala kosa hilo si dogo. Shauri la mifugo likifasiriwa barazani, "mzee alimsema jirani yake" yaweza kuugeuza ujumbe wa amani kuwa masengenyo. Zaidi ya hayo, jedh- ni pana kuliko sema. Cal jedhi ni "nyamaza". Mfasiri wa neno kwa neno atamwamuru mtu aseme pale alipotakiwa kufunga kinywa!

Na Kiswahili je? Kwamba tunayoiita kiunganishi si kingine ila ku-amba, kitenzi cha kunena ambacho lahaja za kaskazini na ushairi zimekihifadhi. Palipo na hoti katika Kiyunani, sisi tumeweka kitenzi kilichochakaa. Hivyo katika "alisema kwamba" mna kusema mara mbili. Ambia ni mtoto wa amba huyo huyo, si wa sema, na ndiyo sababu hudai mtu wa kuambiwa. Wafasiri wa Biblia ya Union ya 1952 walilihisi jambo hili: mara nyingi palipotajwa mwambiwa waliiacha sema wakashika ambia, ingawa Kiyunani kilikuwa na kitenzi kile kile. Kwa maoni yetu, walikuwa wanasarufi bora kuliko vitabu vingi vya shule vilivyowafuata.