Ukuta Usiofuata Alfabeti

Mwaka 1981 Maya Lin, mwanafunzi wa usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Yale, mwenye umri wa miaka 21, aliyashinda mapendekezo mengine 1,420 katika shindano la kubuni ukumbusho wa Wamarekani waliokufa katika vita vya Vietnam. Kazi hiyo ilizinduliwa Washington mwaka 1982: kuta mbili za mawe meusi yaliyong'arishwa, zilizozama ardhini na kukutana penye pembe.

Sisi walimu wa lugha twavutiwa hasa na mpangilio wa majina. Yamo zaidi ya 58,000, bila cheo, bila kivumishi hata kimoja. Walikuwapo waliotaka yafuate alfabeti. Lin alikataa, na twaona alifanya vema: alfabeti ingetupa kamusi ya wafu, akina Smith wamerundikana, mama asijue wake ni yupi. Yamepangwa kwa siku ya kufa. Waliokufa pamoja husomwa pamoja, na pale penye pembe mwaka 1959 hukutana na mwaka 1975. Msomaji hugusa jina, akauona uso wake mwenyewe ndani ya jiwe. Watu huacha barua na maua chini yake, pamekuwa baraza.

Sanamu ya askari watatu, iliyoongezwa mwaka 1984 kuwaridhisha wapinzani, haikuongeza neno.

Lakini tuna dai zito zaidi. Wavietnam, waliokufa wengi kupita Wamarekani mara nyingi, hawamo. Masharti ya shindano yalitaka majina ya Wamarekani, na mwanafunzi aliyatii.